Mwaka Tuliovisemea Vitu

Salma aliingia Chukwani siku ya pili ya msiba, mama yake Bi Zuhura ameshazikwa tangu jana alasiri, na jambo la kwanza aliloniuliza, mkoba ungali begani, halikuwa mama aliumwa nini wala alisema nini mwisho. Alinivuta pembeni kwenye ukumbi wa nyuma, penye masufuria ya msiba na wanawake wanaochagua mchele, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Da Rukia, ile filamu ya mama unayo?"

"Ipi?"

"Ile aliyokuwa akiisemea. Ya vile vitu vinavyosema watu wakishaondoka."

Nikamwambia zilikuwa tatu, na zote ni za vitu vinavyosema watu wakishaondoka. Akasema yoyote ile, hachagui. "Picha zake nnazo tele. Sauti sina hata moja. Miaka kumi na mbili nampigia kila Ijumaa kutoka Maskati, na simu ukishaikata ishakwenda zake." Bi Zuhura alikuwa na kisimu cha kubonyeza, hakutaka kingine, kwa hiyo hata ujumbe wa sauti hakuwahi kumtumia mwanawe. Salma aliniambia kwamba ndani ya ndege alifumba macho ajaribu kumsikia mama yake, na alichokisikia ni yule mhudumu anayeuliza nani anataka kuku na nani anataka samaki. Aliogopa sana. Nikamshika mkono, nikamwahidi kwamba nitamtafutia. Niliahidi haraka mno, kama ilivyo kawaida yangu.

Kwa miaka mingi nimekuwa nikiusimulia mwaka ule kwenye maharusi, watu wakacheka, nami nikajiona naujua kama chumba changu cha kulala. Lakini tangu Salma aniulize nimejaribu kuupanga toka mwanzo na haupangiki. Nashika tukio moja, linanitokea kwenye filamu nyingine. Namwona Bi Zuhura anacheka mpaka anajifuta machozi kwa ncha ya kanga, halafu sijui siku ile alikuwa kiatu au alikuwa sanduku. Mimi nazilaumu filamu zenyewe, zile katuni za Kiingereza tulizozitia maneno ya Kiswahili. Ilikuwa ni filamu moja iliyotengenezwa mara tatu na watu wasiojuana, au wanaojuana sana na hawasemi. Ya kwanza ilikuwa ya viatu katika duka la fundi viatu. Ya pili ilikuwa ya mabegi yaliyosahauliwa kwenye stoo ya kituo cha treni, na ya tatu ya zana za bustani zinazokaa ndani ya kibanda. Katika zote, mtu akifunga mlango tu vitu vinashusha pumzi na kuanza maneno. Mtu akirudi vinakauka palepale, na hakikosekani kimoja kijinga kilichochelewa kurudi mahali pake. Kinaletwa kitu kipya kinachong'aa, cha zamani kinaona wivu. Cha zamani kinatupwa, au kinajitupa chenyewe, kinaranda mitaani na kunyeshewa mvua, maana mvua ni lazima. Wenzake wanakwenda kukitafuta, wanavuka barabara moja kubwa yenye magari, na mwisho wanarudi wote nyumbani, na yule mtu mwenyewe hana habari kwamba alikaribia kupoteza chochote.

Na kila filamu ilikuwa na kizee chake. Kwenye viatu lilikuwa buti lililotoboka, kwenye mabegi lilikuwa sanduku la mbao, na bustanini kilikuwa kile chombo cha kumwagilia maua, kimekula kutu mpaka kinavuja. Kizee hicho ndicho kinachojua mambo ya zamani, na ndicho kinachoulizwa swali lile lile na kile kitu kidogo cha kike nilichokuwa nikikisemea mimi: je, watu wanajua kama tuko hai? Mpaka leo sijaelewa kwa nini vitu vyenye uhai vinawaficha watu uhai wao. Vinaogopa nini? Niliwahi kumuuliza Kombo, mwenye kazi yake, akaniambia nisome nilichopewa. Hatukuwa tumepewa chochote cha kusoma.

Kombo alikuwa na chumba kimoja Ng'ambo, juu ya fundi magodoro, na aliteremka chini akaazima magodoro ya sufi akayasimamisha kwenye kuta zote nne ili kelele za mtaani zisiingie. Ziliingia vilevile. Ukisikiliza vizuri zile filamu utamsikia fundi magodoro akigombana na mkewe juu ya dirisha, nani kaliacha wazi, na mkewe akimwambia kama linamkera si alifunge. Sufi nayo ilitoka kwenye mishono, ikatupalia, tukapiga chafya katikati ya maneno, na Kombo akawa anazigawa zile chafya kwa vitu vilivyokuwa karibu. Kiingereza alikuwa nacho yeye peke yake, nacho si kingi. Akiiwasha filamu kwenye televisheni husikiliza kidogo, huisimamisha, kisha hutueleza, "Hapa huyu kakasirika, anamwambia yule mgeni usinisogelee." Basi sisi tunatunga wenyewe, tunajipima na midomo ya viatu, tunasema. Tulianza baada ya sala ya alasiri na tulikuwa tumekwisha kufunga kazi kabla ya magharibi, kwa sababu misikiti ya jirani ilikuwa mitatu na inapishana kidogo kuadhini, na hapo magodoro hayakufua dafu.

Mimi nilikuwa na miaka ishirini, nimemaliza skuli na sina ninachokingoja. Nilisemea watoto wote na wasichana wote. Kombo alisemea wanaume na mbwa. Vizee vyote vilikuwa vya Bi Zuhura, ingawa mwenyewe wakati ule hakuwa mzee hata kidogo. Alikuwa na umri kama wangu wa sasa. Kombo alimpata sokoni Darajani. Alimsikia akimsema muuza samaki juu ya jodari aliyelala, akasimama na kapu lake mpaka ugomvi ukaisha, halafu akamfuata na kumwambia sauti yake inatakikana. Ilikuwa sauti nzito, ina mkwaruzo kidogo, na mwisho wa neno inapanda. Alikuja siku ya pili na bakuli la maharage ya nazi na mikate ya kusukuma iliyofungwa kwenye kitambaa, akatulisha kwanza, kisha akakaa mbele ya televisheni na kuuliza anatakiwa afanye nini. Alipoelezwa aliweka mikono mapajani.

"Mie nikisemee kiatu?"

"Buti, Bi Zuhura," Kombo alisema. "Buti la kizee, lenye hekima."

"Kiatu hakisemi, mwanangu. Siku ya Kiama ndo mikono itasema, na miguu itasema. Viatu hatukuambiwa."

"Ni mchezo tu wa watoto."

"Najua ni mchezo. Na huo mchezo utaandikwa kwa nani?"

Mimi nilikuwa na tonge mdomoni na nikaona haya kulimeza. Bi Zuhura aliitazama televisheni, ambayo Kombo alikuwa ameisimamisha, buti limefunua mdomo na halina la kusema. Halafu akasema, akizungumza na nafsi yake zaidi kuliko na sisi, "Lakini kila kitu kinamsabihi Mola wake. Sisi tu ndo hatufahamu kinavyosema." Akapangusa mikono. "Haya, washa. Lakini buti langu halitosema uwongo."

Kweli halikusema. Kila Kombo alipomweleza kwamba hapa kizee kinawadanganya wenzake ili wasiogope, alikataa, akakifanya kizee kiseme ukweli wenyewe, na vile vitu vingine kwenye picha vikawa vinatabasamu kwa habari mbaya. Ugomvi mkubwa zaidi ulikuwa wa mlango. Yule fundi viatu kwenye filamu alikuwa akisukuma mlango na kuingia tu, na Bi Zuhura hakuvumilia.

"Huyu mbona anavamia? Hana hodi?"

"Duka lake mwenyewe, Bi Zuhura."

"Hata likiwa lake. Akivikuta havina stara je?"

Basi Kombo akalazimika kumtia fundi hodi. Kila anapotaka kuingia, sauti ya Kombo inaita kwanza nje, "Hodi!", vitu vinashtuka, vinakimbilia mahali pake, vinakauka, ndipo mlango unafunguka. Nami nasema ile hodi iliitia filamu akili. Kule kwa wenyewe huwezi kujua vitu vinajuaje kwamba mtu anakuja. Kwetu vilikuwa vimeambiwa. Tatizo lilikuwa moja. Siku ya tatu au ya nne Kombo aliita hodi na Bi Zuhura, kwa mazoea ya maisha yake yote, buti lake likajibu, "Karibu!" Tukacheka mpaka Kombo akashindwa kuzima mashine ya kurikodi. Aliacha vilevile. Katika filamu ile kuna mtu anakaribishwa dukani kwake na buti, anaingia, anavua kofia, na hashangai. Hakuna mnunuzi wa sidii zetu hata mmoja aliyewahi kuuliza.

Tulikuwa katikati ya filamu ya tatu, ile ya bustani, mumewe Bi Zuhura alipofariki. Akaingia eda. Miezi minne na siku kumi hatoki, na Idi ilikuwa karibu, na wenye maduka walikuwa wakimuuliza Kombo filamu mpya iko wapi. Siku moja baada ya alasiri Kombo alikaa chini, mgongo kwenye godoro, akaniambia bila ya kunitazama, "Wewe Rukia si unamuigiza? Nimekusikia unamchekesha mke wa fundi." Kweli nilikuwa nikimuigiza, kwa nyuma yake, na naona vibaya kuliandika jambo hilo. Nikamwambia tumuulize kwanza. Akasema, "Tukamsumbue mwenye eda kwa kopo la maua?" Wakati ule iliniingia akilini. Basi nilijaribu. Siku ya kwanza nilitoa sauti ya bibi kizee yeyote, siku ya pili nikawa na mafua, na siku ya tatu nikaisikia inatoka, mkwaruzo na ule upandaji wa mwisho, kana kwamba Bi Zuhura amekaa kooni mwangu na bakuli lake. Nilifurahi kupita kiasi, na furaha ile ndiyo inayonitia haya.

Nilikuwa nikienda kumtazama mara mbili kwa wiki. Chumba chake kilikuwa kidogo, pazia limeteremshwa, na yeye amekaa kitandani na nguo nyeupe, amepungua. Kanga za marehemu mumewe za kulalia zilikuwa bado zimekunjwa juu ya mto wa pili. Sikujua la kusema kwenye vyumba vya namna ile, hata sasa sijui, kwa hiyo nilifurahi aliponiuliza habari za kazi.

"Lile kopo langu limefika wapi?"

"Bado, Bi. Linakungoja wewe." Nilisema hivyo. Nilikuwa nimeshalisemea nusu nzima iliyobaki, limebaki swali la mwisho tu.

"Nisubirini. Maana kile kitoto kitaliuliza lile swali lao, na nshalijua jibu. Nimelipata humu humu ndani." Akanyoosha kidole kwenye mto wa pili, au kwenye ukuta, sikumbuki. "Kopo liseme hivi. Watu wanajua. Ndo maana mtu akihama hugeuka mlangoni akakitazama chumba kitupu. Angekuwa hajui, anatazama nini?"

Kesho yake nilikwenda kwa Kombo nikayasema maneno hayo, kwa sauti yake. Sikuona kama ni wizi. Nilijiambia namfikishia. Leo kuna saa naona nilimfikishia, na kuna saa naona nilimvua kitu mtu ambaye hawezi kutoka ndani kukidai, na nikilala na hili naamka na lile.

Halafu Kombo akavuruga. Wakati wa kutoa sidii za Idi alichukua sauti za bustani akazipachika kwenye picha za mabegi, na za mabegi akazipachika bustanini, na zikatoka dukani hivyo hivyo. Ng'ambo nzima watoto wakakaa sikukuu wakiangalia masanduku yanayozungumza habari za mizizi na kiu, na hawakuona ajabu. Mvua ilinyesha karibu na palepale, barabara ilivukwa wakati ule ule, na hodi zetu, Mungu aliyeziweka anajua, zilikuwa zikiangukia kwenye milango. Mzazi mmoja tu ndiye aliyerudi kuuliza mbona sanduku lake linataka kumwagilia maua. Kombo akamjibu kwamba hilo ni sanduku la mkulima. Yule bwana akaridhika, akenda zake.

Bi Zuhura alipotoka eda tulimwekea filamu ile pale pale juu kwa fundi magodoro. Nilikuwa nimejiandaa kumwambia. Nilikuwa nimeyapanga maneno njia nzima. Alikaa, akamenya chungwa, akaangalia yale mabegi tangu mwanzo mpaka mwisho bila ya kutikisika. Sanduku lilipofika kwenye lile jibu alisema polepole, "Hapa nilisema vizuri." Nikamtazama usoni nione kama ananitania. Alikuwa anatoa kokwa. Aliisahau kazi ambayo hakuifanya? Alidhani aliisema kabla ya msiba? Au alikuwa ananisamehe kwa namna ambayo sitoweza kumshukuru? Kombo aliniashiria ninyamaze, nikanyamaza, na miezi michache baadaye Kombo alihamia Dar na magodoro yakarudi chini. Miaka yote iliyofuata niliingia na kutoka nyumbani kwa Bi Zuhura kama mwanawe, na hatukuligusa tena.

Kwangu sikupata kitu, nilipekua mpaka darini. Salma ndiye aliyeipata, siku ya tatu baada ya khitma, ndani ya kabati la mama yake chini ya kanga ambazo hazijakatwa. Sidii moja tu, na kwenye jalada ni picha ya mabegi. Jirani alituletea deki la zamani, tukajifungia chumbani huku nje wanawake wakiosha sahani. Sidii ilikuwa na mikwaruzo, ikakataa, ikaruka, na ilipokubali ilianzia katikati. Sanduku la mbao lilikuwa limesimama kwenye mvua likiwaambia wenzake wasiogope kutu. Salma aliweka mkono mdomoni. "Ndiye," akasema. "Ndiye, da Rukia. Hebu msikilize." Alikuwa akilia na kucheka kwa pamoja, na kila sanduku liliposema yeye alitikisa kichwa kama anayeitikia.

Mimi nilikuwa nikisikiliza kwa hofu. Nilijua ni sauti za bustani na nilijua ni nusu ya pili, na bado sikujua nilianzia wapi. Kulikuwa na maneno mawili matatu ambayo ningeapa kwamba ni yake, namna alivyolikanyaga neno "subira", na papo hapo nikakumbuka kwamba lile ndilo nililolifanyia mazoezi siku mbili nzima. Nilikuwa nikimsikia yeye, kisha nikijisikia mimi, kisha yeye tena, katika sentensi moja. Mpaka likafika lile jibu la mtu anayegeuka mlangoni, na hapo hapakuwa na la kukisia, kwa sababu maneno hayo aliyatoa ndani ya eda.

Salma alikuwa ameshatoa simu. "Ntairikodi humu," alisema. "Nikiwa kule ntaisikiliza kila Ijumaa, saa ile ile nliyokuwa nampigia." Kunyamaza kulikuwa rahisi. Ningenyamaza, angekwenda Maskati na mama yake ndani ya simu, na nani angepungukiwa? Sijui kilichonisemesha. Nilimwambia yote, na niliyasema vibaya, nikianzia kwa Kombo na Idi na magodoro, mpaka akanikatiza.

"Kwa hivyo huyo ni wewe."

"Maneno yake. Sauti yangu."

"Yote?"

"Sijui. Pengine yote hii tuliyoisikia. Sijui nilipoanzia."

"Na mwenyewe alijua?"

"Sijui, Salma. Wallahi sijui."

Alilizima deki. Nilikaa nikingoja anifukuze, na ningepumua kama angenifukuza. Alikuwa amenipa mgongo, ameuelekea ukuta, na ile simu ameilaza kitandani.

"Hebu niite," alisema.

"Nikuite vipi?"

"Anavoniita yeye. Mie nipo uani nnacheza, na chakula kipo tayari."

Nikamwambia haiwezekani, nyumba imejaa watu, maiti hata wiki hajamaliza, na ile sauti sijaitoa zaidi ya miaka ishirini, huenda haipo tena. Nje sahani zilikuwa zikigongana. Nilifumba macho kwa sababu niliona haya kuutazama mgongo wake, nikakohoa, na nikaita.

"We Salma! Salma, mwanangu! Njoo, chakula kinapoa!"

Ilitoka na mkwaruzo wake, ikapanda mwisho. Kule ukumbini sahani zilinyamaza zote. Na Salma, mama wa watoto watatu, bila ya kugeuka, akaitika kwa sauti kubwa na kwa haraka, kama mtoto anayejua kwamba akiitwa mara ya pili atapigwa: "Naam, mama! Nnakuja!"